Besi Mbele

Studio ilikuwa juu ya duka la matairi, kuta zimebandikwa trei za mayai, na siku hiyo Nguzo alipanda ngazi. Bendi nzima ilimwita hivyo, kwa kuwa gitaa lake la besi ndilo lililoibeba. Mdogo wake, mwimbaji, ndiye pekee aliyemwita Dada. Walikuja kusikiliza albamu yao ya pili kabla haijatoka.

Ya kwanza ilikuwa panki tupu, hasira na kelele. Hii ya pili ilikuwa posti-panki hasa: magitaa yamekonda, nafasi zimeachwa wazi, besi imekaa mbele kama mwenye nyumba. Kila aliyeonjeshwa alisema bendi nyingine zitaiga. Wakamsifu Nguzo kwa ujasiri. Ujasiri gani! Siku zote za kurekodi alikuwa akiomba, "Fundi, ongeza besi," kwa sababu masikio yake yalikuwa yanakufa, akawa anapiga huku kidevu kimegusa mbao ya gitaa ili apate mtetemo kwenye meno. Daktari alishamwambia aache muziki. Yeye hakumwambia mtu. Wangemtoa, na nje ya bendi hakuwa na lake.

"Leo nawachezea sauti ya chini kabisa," fundi mitambo alisema. "Makelele yanaficha uchafu."

Nguzo aliisoma midomo yake. Akakaa kwenye kochi, mbali na spika. Fundi akabonyeza. Yeye hakusikia kitu.

Lakini nyimbo alizijua mzunguko kwa mzunguko, basi akakikodolea macho kiatu cha mdogo wake; kilipoanza kugonga sakafu, naye akaanza kutikisa kichwa akihesabu. Nyimbo zikapita, akapatia zote. Wakati wa wimbo wa mwisho akafumba macho, eti kanogewa. Hapo ndipo alipojiponza, maana asubuhi ile fundi alikuwa ameukata mizunguko minne ya mwisho bila kumwambia mtu.

Alipofumbua macho, kichwa bado kinatikisika, wote walikuwa wanamtazama.

Mdogo wake akachuchumaa mbele yake. "Dada, tangu lini?"

Alitaka kudanganya, ulimi ukagoma. "Tangu mwaka jana."

Hakujua amesema kwa sauti kubwa kiasi gani, ila aliwaona wameshtuka. Mdogo wake akasimama, akampa kisogo, akaanza kuzungumza na wenzake. Walizungumza kwa muda mrefu, na Nguzo akabaki kwenye kochi akiitazama migongo yao, akisubiri uamuzi ambao asingeusikia.