Hesabu za Jumatano

Kazi yangu ni kukagua watoto wanaosomeshwa nyumbani, na niseme ukweli: watoto wenyewe huwa sihangaiki nao. Nakagua madaftari. Fomu inauliza kama kazi za mtoto zimeonekana. Natia tiki, nakunywa chai, naondoka. Nyumba arobaini na mguu mmoja mbovu, mlitaka nifanyeje?

Kwa yule mjane, fundi viatu, nilishafika mara tatu. Bintiye wa miaka tisa aliachishwa shule mama yake alipofariki. Kila nikifika, mara amelala, mara yuko kwa shangazi yake, mara ametoka kidogo. Lakini madaftari yake, jamani! Safi, tarehe zote zipo. Nilikuwa nawasimulia wenzangu ofisini.

Safari ya nne tulipatana Alhamisi. Nikapata lifti Jumanne, nikaona bora niimalize mapema.

Fundi alinifungulia akiwa na gundi vidoleni. "Karibu, mwalimu. Hukusema ni leo." Akaniletea daftari, akaenda kubandika chai.

Nikafungua ukurasa wa mwisho wenye kazi. Hesabu za kugawanya, Jumatano. Tarehe ya kesho. Zimeshasahihishwa kwa wino mwekundu, kumi kwa kumi. Nikaitazama simu yangu mara mbili kuhakikisha siku.

"Mtoto yuko wapi?" nikamuuliza aliporudi.

"Amelala."

"Mwamshe."

"Ana homa, mwalimu. Kunywa chai kwanza."

"Chai yako sitaki. Nataka kumwona mtoto."

Akaketi mbele yangu, akajifuta gundi taratibu kwa kitambaa. "Mara zote tatu umeandika kila kitu kiko sawa. Nakala ninazo." Wala hakupandisha sauti, alisema kama anayemkumbusha mgeni asisahau mwavuli.

Niliogopa, sifichi. Nilitoka na daftari kwapani hadi barabarani, nikawapigia polisi. Askari aliyepokea alikuwa mpole. Akauliza jina la mtoto, nikampa. Akauliza umri, nikampa.

"Yukoje? Mrefu, mfupi? Ana alama yoyote?"

Nilijichukia pale pale, simu iko sikioni. Mwaka mzima na nusu nimemsifia mwandiko, na sasa hata huo mwandiko sikujua ni wa nani.

"Mama, upo?"

"Nipo," nikasema. "Sijawahi kumwona."