Chumba Kwenye Ua wa Mzee Lazaro

"Usinichekeshe, Tusekile! Mkamwana apite mbele ya baba mkwe, tena nguo zimechanika, aende kulala uani kwake? Wewe ulizaliwa wapi, Dar es Salaam?"

Mama Jubilate alikuwa ameshika kiuno upande wake wa michongoma, na sauti yake ilifika mpaka barabara ya Ikolo. Wanawake wawili waliokuwa wanageuza kakao kwenye mkeka waliacha kazi wakasikiliza, bila hata kujifanya hawasikii.

"Kikao kizima kilinyoosha mkono," Tusekile alisema. "Na wewe ulinyoosha."

"Nilinyoosha nikidhani katibu ana akili!"

Katibu ni Tusekile mwenyewe. Halmashauri ilipotangaza ruzuku kwa vikundi vya kuzuia ukatili, ile inayotokana na ushuru wa kakao yao wenyewe, yeye ndiye aliyeandika maombi. Na yeye ndiye aliyesema chumba cha kuwahifadhi wanawake kijengwe kwenye ua wa Mzee Lazaro. Sababu aliiona nzuri: mwanamke aliyekimbia kipigo anataka mahali ambapo mume hatathubutu kugusa mlango, na kwa Mzee Lazaro, mzee wa kanisa, hata walevi hupita wamevua kofia. Wakapiga bati, wakaweka magodoro mawili na kitasa. Wanawake wanne walishalala pale wakaamka salama.

Ila Mzee Lazaro ana mtoto anaitwa Godwin, na Godwin ana mke, Veronika. Na kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akimwona anakuja njiani, anakata shambani, anajificha mpaka apite. Jina lake halitaji. Hilo wanalijua tangu wananyonya, ndiyo maana kwenye kikao hakuna aliyekumbuka kulisema.

Jumanne iliyopita Veronika alipigwa na mumewe, akakimbilia kile chumba. Mzee alikuwa amekaa barazani, hapo hapo penye njia. Binti akaingia kwenye mikakao kujificha, na Godwin akamkuta humo. Mkono ulivunjika, mimba ya miezi mitano ikatoka. Polisi walimshika Godwin siku mbili, halafu ndugu wakakaa, yakaisha kindugu, kama wanavyosema wale ambao mkono uliovunjika si wao.

Tusekile alimwacha Mama Jubilate akigombana na michongoma, akaenda kwa Mzee Lazaro. Alimkuta kwenye kiti chake, redio imezimwa.

"Ndaga, baba."

"Ndaga, mwanangu."

"Baba, tunaomba chumba tukihamishe."

"Hamisheni." Aligusa redio, hakuiwasha. "Nilimwona, unajua."

"Ulimwona nani?"

"Huyo mke wa kijana. Niliona kitenge pale kwenye kona. Nikageuza uso ukutani, kama inavyonipasa, ili apite. Nikangoja. Nilijua anapita." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Halafu nikasikia kelele huko kwenye mikakao. Nikangoja mtu aende."

"Mtu gani, baba?"

Mzee akageuza uso, akatazama ukuta.

Kutoka pale mpaka kwa Godwin ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Veronika alikuwa amekaa kizingitini, sinia mapajani, anachambua mchele wa jioni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko.

"Inuka, twende kwangu," Tusekile alinong'ona. "Sasa hivi. Nguo nitazifuata mimi."

"Kwako akija, nani atamzuia, dada? Lile pazia lako?"

"Chumba tunakihamisha. Wa halmashauri wanakuja Alhamisi kukikagua, nitawaambia ukweli, kwamba tulikiweka pasipo pake."

"Na mpaka mkihamishe?"

Tusekile alitazama vidole vya yule binti vikiokota kijiwe, vikikiweka pembeni, vikirudi kutafuta kingine.

"Wale wanne," Veronika aliuliza, "walipata usingizi?"

"Walipata."

"Afadhali." Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na Tusekile alitamani binti amtukane.

"Veronika, mdogo wangu, atakuua huyu."

"Najua. Sema taratibu, yupo ndani."

Na kweli, Godwin akatokea, shati limepigwa pasi, mikono bado ina maji ya kunawa. Alipoinama kuchukua sinia mapajani mwa mkewe, bega la Veronika lilijikunja lenyewe. Godwin akamsalimia Tusekile akikunja magoti, taratibu, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyomsalimia mkubwa wake.

"Jamani, dada Tusekile! Veronika, mgeni unamsimamisha juani?" Akasogea kando kumwachia njia. "Wali umeiva, na samaki wapo, mbasa wa ziwani. Karibu ndani, dada, tule."