Kiingereza cha Mapokezi

Mke wa Fundi Sponji alipopata nafuu ya kiharusi, aliamka hospitalini akiwa na Kiingereza peke yake.

Mkono wa kulia ulikuwa mzito, mdomo umekwenda upande, na Kiswahili, lugha aliyomgombeza na kumbembeleza nayo mumewe tangu ujana wao, hakikutoka. Kukielewa alikielewa. Lakini kila alipofungua kinywa, yalitoka maneno ya kazini kwake. Alikuwa amekaa miaka mingi mapokezi ya hoteli, na Kiingereza chake hakikuwa cha vitabuni. Kilikuwa cha wageni wanaoburuta masanduku, wenye haraka na utani.

"Hutokea, lugha moja ikatangulia kurudi," daktari alisema. "Wewe ongea naye tu, usikate tamaa."

Fundi Sponji alikuwa mtengeneza makochi. Kiingereza alichokuwa nacho kiliishia kwenye "good morning" na majina ya rangi za vitambaa. Waliporudi nyumbani, akahamishia kazi sebuleni ili asimwache mkewe peke yake, akawa anapigilia pini huku ametega sikio.

Mwalimu wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyepokea simu katika hoteli ileile. Kila alipopata siku ya mapumziko, alikuja.

"Shem, jana kaniambia nining'inie," Fundi alimlalamikia. "'Hang on.' Nining'inie wapi mimi na kilo hizi?"

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Maana yake subiri kidogo! Na akikwambia 'my bad', hajisemi kuwa mbaya. Anasema samahani, kosa langu. Ukimpa chai akajibu 'I'm good', hajisifu, shem. Hataki."

Fundi akayashika. Akawa anayarudiarudia kwa mpigo wa nyundo, na kichwa kikaanza kumvimba kidogo. Shemeji alipobanwa na zamu asije kwa majuma kadhaa, hakuona sababu ya kumpigia. Maneno mengine angeyafumbua mwenyewe.

Ndipo mkewe alipoanza kusema "I'm fed up."

Fundi alilichambua neno hilo kama anayefumua kochi kuukuu. "Feed" alilijua, ni kulisha. "Fed" basi ni kulishwa. "Up" ni juu. Amelishwa hadi juu.

"Umeshiba? Haya, mama," akasema, akaiondoa sahani.

Kesho yake tena. Kila aliposema, Fundi aliondoa sahani, na mkewe aligeuza uso ukutani bila kubisha. Fundi akaona shibe hiyo ilikuwa inamjia mapema mno. Akapunguza chakula.

Shemeji alipokuja, alisimama mlangoni akimtazama dada yake. Mashavu yalikuwa yamebonyea.

"Shem, dada hali?"

"Anakula kidogo tu. Anashiba upesi. Mwenyewe ananiambia kila siku, 'I'm fed up.'"

Shemeji hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kochi ambalo halijavalishwa kitambaa.

"Hiyo si shibe," alisema taratibu. "Ni kwamba amechoshwa. Yamemfika hapa." Akagusa shingo yake.

Fundi Sponji aliiweka nyundo chini. Siku zote hizo mke wake alikuwa akimwambia kwamba amechoka na maisha haya, naye akimjibu kwa kubeba sahani. Akaenda kupiga magoti mbele yake.

"Umechoshwa na nini, mama? Niambie. Nisipoelewa, mdogo wako yupo."

Mkewe aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha viti vya wageni. "They talk," alisema. "Like I'm not here." Kisha akamgeuzia macho. "You too."

Shemeji alitaka kufasiri. "Acha," Fundi alisema. "Hiyo nimeielewa."

Ilikuwa kweli. Majirani walikuja, wakauliza kama anakula, kama analala, kama anajitambua, na Fundi ndiye aliyejibu yote wakati mkewe ameketi palepale.

Jirani wa kwanza kuja baada ya hapo aliuliza kama kawaida, "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Muulize mwenyewe. Huyo hapo."

Jirani alibabaika, akauliza. "Hanging in there," mkewe alijibu.

Kuning'inia tena! Fundi alimtazama mkewe, kisha akajaribu. "Anasema... anajikongoja."

Mkewe akatikisa kichwa kukubali, na ule upande mzima wa mdomo ukatabasamu.

Jirani alipoondoka, Fundi alibaki akichezea pini. Kulikuwa na jambo alilokuwa nalo tangu hospitalini, na kwa Kiswahili halikutoka. Alilelewa akiambiwa ajikaze.

"I scared," alisema.

"I'm," mkewe alimsahihisha. "I'm scared."

"I'm scared."

"Me too."

Wakashikana mikono. Tangu hapo waliambiana mengi namna hiyo, kwa maneno machache yaliyovunjikavunjika.

Kiswahili kilirudi kwa kuchechemea. Neno la kwanza lilikuwa "gundi", siku Fundi alipoikanyaga akaanza kuisambaza kwenye sakafu aliyoipiga deki shemeji. Shemeji alilia kwa furaha. Fundi naye alifurahi, lakini moyoni aliingiwa na wasiwasi asioweza kumweleza mtu. Aliona kama mlango fulani unafungwa.

Jioni moja alimkuta mkewe anakunja nguo kwa mkono mmoja. "You good?" akamuuliza.

"Kiswahili," mkewe alisema. Alitafuta neno, akalipata. "Bado... unaogopa?"

Fundi alitazama mlango. Akachukua shati mapajani mwa mkewe, akalikunja, akalikunjua.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana, mama."

Mkewe alisogeza rundo la nguo pembeni, akapigapiga kochi pale palipobaki wazi.

"Kaa," alisema.