Hodi ya Tatu

Nyumbani kwangu mtu haingii chumba cha mwenzake kama upepo. Hubisha hodi, akangoja. Akiitikiwa "karibu", huingia. Asipoitikiwa, hubisha tena. Akifikisha hodi ya tatu bila jibu, hugeuka akarudi alikotoka, bila kununa na bila kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Sheria hiyo niliipokea kwa marehemu baba yangu, nikawarithisha wanangu, na wajukuu wakaikuta imesimama kama nguzo. Sikupata kudhani kwamba siku moja ingenitoa jasho mbele ya ukumbi mzima.

Kwa kazi nilikuwa karani wa mahakama. Kabla ya hakimu kuingia, mimi ndiye niliyesimama na kutamka, "Kimya mahakamani!" Hata watoto wachanga walikuwa wakiacha kulia. Kwa sababu hiyo wajukuu wangu huniita Babu Kimya. Mkubwa wao, binti wa binti yangu mshonaji, nami nilimpa jina: Chiriku, kwa kuwa siku alipojua kusema ndiyo siku alipokataa kunyamaza. Hupita kwangu kila atokapo shule, na sasa ana umri wa kushika gitaa kubwa na kulipiga kwa vidole vyote vya mkono wa kulia, wala si kwa kulikwaruza tu. Nasema haya kwa fahari, na mwenye kuona najisifu na aone hivyo.

Lakini Chiriku, mwenye maneno kuliko redio, alikuwa na ugonjwa mmoja. Akiwa nyumbani vidole vyake vilitiririka kama maji. Akiwekwa mbele ya watu vilikauka. Mwishoni mwa muhula uliopita alitoka mbele ya wazazi, akaketi, akapiga mistari michache, mkono ukaanza kutetemeka hadi nyuzi zikalia zenyewe. Akasimama, akainama kwa adabu, akaondoka. Gitaa likapandishwa juu ya kabati, likakaa huko likila vumbi.

Mwalimu wake wa gitaa, mwanamke wa sauti ndogo na msimamo mkubwa, alikuja nyumbani mwenyewe kumsemesha. Kungekuwa na tamasha katika ukumbi wa mji, Jumapili alasiri, naye alitaka Chiriku afungue, peke yake.

"Nitajaribu mara moja tu," Chiriku alisema. "Nikishindwa tena, gitaa nampa binamu yangu, na mtu yeyote asinitajie muziki."

Mwalimu alidhani ni maneno ya kitoto. Mimi nilijua kwamba mtoto yule akitamka neno halirudi kinywani. Nilijua hivyo kwa sababu tabia hiyo aliichota kwangu.

Siku zilizofuata nilimkuta jikoni akimenya viazi kwa hasira, bibi yake akiwa pembeni anapepeta mchele.

"Babu, wewe hujawahi kuogopa watu?"

"Watu ni watu. Niliwaamuru wanyamaze, wakanyamaza."

"Ndiyo maana huelewi. Wewe ulikuwa unakitafuta hicho kimya. Mimi ndicho kinachoniua. Nikikaa pale, kabla sijagusa uzi hata mmoja, wote kimya, wote macho kwangu. Najiona kama nimeingia chumba cha watu na wenyewe wanajiuliza, huyu katokea wapi?"

Nilitafakari jambo hilo kama linavyostahili.

"Kama umeingia chumba cha watu," nikamwambia, "basi umeingia bila hodi. Bisha hodi kwanza."

"Kwenye jukwaa?"

"Kwenye gitaa lenyewe. Si lina tumbo la mbao? Ligonge kama mlango, ndipo uanze."

Bibi yake aliweka ungo chini. "Msikilize mumeo, mke mwenzangu. Mwaka huu ndiyo kwanza kasema la maana."

Basi tukafanya hivyo. Kila jioni Chiriku alisimama nje ya sebule, akagonga tumbo la gitaa kwa vifundo vya vidole, ko-ko-ko. Nami niliyekaa ndani, mgongo wima na gazeti limekunjwa magotini, niliitikia: "Karibu." Akaingia, akaketi kwenye kiti kigumu, akapiga kipande chake mwanzo hadi mwisho. Bibi yake alijipa kazi ya kuangusha vifuniko vya sufuria makusudi, akidai kwamba ukumbini watu hupiga chafya. Siku za mwanzo mkono ulitetemeka hata mbele yetu sisi wazee wawili. Baadaye ukatulia. Ilifika mahali neno "karibu" likitoka tu kinywani mwangu, naona mabega yake yanashuka na vidole vinajipanga vyenyewe juu ya nyuzi. Nilijipongeza moyoni. Nilisema, hofu imepatiwa dawa, na dawa ni malezi.

Jumapili ilipofika nilivaa koti langu la kazini, lile nililostaafu nikiwa ndani yake. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia na mwanawe, akimfunga vifungo. Mimi na mke wangu tulikaa safu ya tatu. Kando yangu aliketi bwana mmoja mnene aliyekuwa akiivua peremende karatasi yake polepole, kwa mchakacho usiokwisha.

"Bwana," nikamwambia, "hapa si sokoni."

Akaitia peremende kinywani nusu ikiwa na nguo yake.

"Muache mwenzio," mke wangu alininong'oneza. "Ulishastaafu."

Taa za ukumbi zikapunguzwa. Chiriku akatoka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea, au jukwaa lilikuwa kubwa kuliko haki. Akaketi, akaweka mguu juu ya kibao, akalilaza gitaa pajani. Watu wakanyamaza, kimya kamili, ambacho hata mimi ningekitia sahihi. Akainua mkono, akagonga: ko-ko-ko.

Nikatabasamu. Kisha nikangoja muziki.

Muziki haukuja. Mkono wake wa kulia ulisimama juu ya nyuzi, umening'inia, kama mkono wa mtu aliyefika mlangoni na kusikia nyumba tupu. Mbele yetu mama mmoja alitikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani kugonga kule ni sehemu ya kipande. Chiriku akagonga tena. Ko-ko-ko. Safari hii sauti ilikuwa ndogo zaidi.

"Anangoja," mke wangu akasema.

"Anangoja nini?"

"Anakungoja wewe, mzee!"

Hapo ndipo nilipong'amua. Majuma yote yale tulimfundisha kubisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni nani angeitikia. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kuanza kwa neno, na neno lilikuwa limeketi safu ya tatu, limevaa koti, limefunga mdomo. Tena nilijua sheria ilivyo. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipoitikiwa, geuka urudi. Mimi ndiye niliyemfundisha, tangu kimo chake kikiwa chini ya kitasa. Akigonga ya tatu angesimama, angeinama kwa adabu, angeondoka, na gitaa lingekwenda kwa binamu.

Na mimi ni mtu ambaye katika maisha yangu sijapata kufungua kinywa kwenye hadhara ambako sikupewa nafasi ya kusema. Nilimwona mwalimu pembeni mwa pazia, kiganja mdomoni. Nilimwona Chiriku akikunja vidole kwa mara ya tatu. Ko-ko-ko.

Nikasimama.

"Karibu!"

Sikukusudia sauti ile. Nilikusudia ya sebuleni, ikatoka ya mahakamani, ikagonga dari na kurudi. Ukumbi mzima ukageuka. Kisha ukaangua kicheko, na yule bwana wa peremende akanivuta pindo la koti.

"Mzee," akaninong'oneza, "hapa si sokoni."

Nilikaa chini nikiwa nimeungua masikio. Lakini macho yangu hayakubanduka jukwaani, na niliyaona mabega yake yakishuka. Mkono ukatua. Sauti ya kwanza ikatoka, nzito na iliyojaa, kisha ya pili ikaifuata kama mtu amfuataye ndugu yake, na kicheko cha watu kikazimika katikati.

Sitadanganya kwamba alipiga bila kosa. Mahali pale ambapo nyimbo mbili husemeshana, ya juu na ya chini, kidole kimoja kiliteleza, na nikamwona akifumba macho. Nyumbani angesimama na kuanza upya. Pale hakusimama. Aliliacha kosa nyuma yake kama mtu aliyejikwaa njiani na bado ana safari, akaendelea, na kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko nilivyopata kukisikia sebuleni. Sijui kwa nini. Huenda ni kwa sababu sebuleni alikuwa akinionyesha mimi, na pale alikuwa akisema nao. Alipomaliza, sauti ya mwisho ilikaa hewani hadi ikafifia yenyewe, na hakuna aliyepiga makofi mpaka ilipokwisha. Kisha wakapiga.

Tulikutana uani, nyuma ya ukumbi, penye viti vilivyopangwa juu ya vingine. Mama yake alikuwa akimpangusa uso. Chiriku aliponiona alinifuata moja kwa moja.

"Babu, umeniaibisha!"

"Ulitaka ninyamaze?"

"Ungenyamaza ningeondoka. Nilishaanza kunyanyuka."

"Sasa lawama ni ya nini?"

"Umeniokoa na umeniaibisha. Vyote viwili." Akanikumbatia akiwa bado amekunja uso. Uso huo nao aliuchota kwangu.

Mwalimu alitufuata, akanipa mkono. "Amefanya vizuri. Mwezi ujao tunakwenda kupiga katika mji mwingine, naye nimemwandika. Ila, mzee wangu, basi letu ni la wanafunzi tu."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama Chiriku, naye alikuwa ameacha kucheka kabla ya wengine. Tulikuwa tukiwaza jambo lilelile.

Siku zile nilitafakari sana juu ya kimya. Kile cha mahakamani nilikiamuru mimi, na watu walinyamaza kwa kuogopa. Nikajiuliza, cha ukumbini nani alikiamuru? Hakuna. Watu wametoka majumbani mwao, wamevaa, wameketi, wamezima simu, hata bwana wa peremende amekubali kutafuna na karatasi. Wamefunga midomo kwa hiari, wamemtazama mtoto wa watu. Mwenyeji anayempokea mgeni kwa heshima kama hiyo asemeje tena? Mjukuu wangu alikuwa amebisha na akaitikiwa tangu hodi ya kwanza. Ni sisi wawili tu tusioijua lugha waliyomjibia.

Sikumweleza. Mtoto huyu ukimweleza jambo hulijadili hadi jua litue.

Jumamosi iliyofuata alikuja na gitaa lake. Nilikuwa nimeshaketi sebuleni, gazeti limekunjwa magotini. Mke wangu alikaa kando yangu, nimempa masharti, naye ameyapokea kwa shida.

Ko-ko-ko.

Nikanyamaza.

"Babu? Upo?"

Mke wangu akafungua kinywa. Nikainua kidole, akakifunga.

Ko-ko-ko. Nikasikia ndala zikisogea sakafuni. Moyo wangu ulinipiga kuliko siku ile ya ukumbini, kwa kuwa siku ile kazi yangu ilikuwa kusema tu. Ikaja ya tatu, polepole, kama anayeihesabu. Kisha kimya. Kisha ndala zikarudi nyuma hatua moja, kama zilivyofundishwa.

Kitasa kikazunguka.

Alisimama kizingitini, gitaa kifuani, akitutazama. Katika nyumba hii hakuna aliyepata kuingia hivyo, na sikumkemea.

"Hukuniitikia," akasema.

"Nimekuitikia."

"Saa ngapi?"

Nilikaa wima na kumtazama. Aliliangalia gazeti lililokunjwa, miwani yangu niliyoivaa kwa ajili yake, kile kiti kigumu nilichokifuta vumbi na kukigeuzia dirishani. Akamwangalia bibi yake, aliyekuwa amebana midomo hadi mashavu yamemtuna. Kisha mabega yake yakashuka.

Akaketi, akapiga, mwanzo hadi mwisho. Kidole kiliteleza palepale, na safari hii hakufumba macho.

Sauti ya mwisho ilipokwisha kabisa, mke wangu akauliza, "Jamani, sasa naruhusiwa kusema?"

Si mimi wala Chiriku aliyemjibu. Akalichukua hilo kuwa ndiyo, akaanza.