Ukucha wa Kidole Kidogo

"Usiniguse, wewe, utanichana kama wembe," nilimtania Shantel. Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mabaya, kwa sababu binamu yangu huyu hucheka hata matangani.

Saluni mbili za hapa mtaani Migosi zilikuwa zimemkataa alipoomba kazi ya kusuka. Iliyobaki ilikuwa ya Mama Wangui, na Mama Wangui haulizi cheti. Anachukua uzi mmoja wa nywele za bandia, anaupitisha juu ya kila ukucha wako. Ukinasa, unarudi kwenu. Ukucha kama huo utang'oa nywele za mteja.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Asubuhi anaosha omena, wale dagaa wa ziwani, na mamake sokoni. Jioni alikuwa analoweka vidole kwa dawa ya madoa, ile ya nguo nyeupe, wasusi wasije wakasema ananuka ziwa. Harufu iliisha. Kucha nazo zikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa landilodi wetu.

Beldina wa duka la dawa alimshika mkono, akaugeuzageuza. "Hiyo dawa uache. Ukiosha samaki, vaa glavu. Ukikausha mikono, paka mafuta mpaka pembeni mwa kucha. Na zilizopasuka, kata. Hazishikani tena hizo, ngoja zimee mpya. Ni miezi."

"Miezi? Dada, mtihani wa Mama Wangui ni Jumamosi!"

"Basi kata leo."

Alikata tisa. Wa kidole kidogo cha kulia akakataa kuukata, maana ndio wa kugawa nywele. Siku nne alipaka mafuta, akalala na soksi mikononi. Nikamwita bondia.

Jumamosi uzi ukapita tisa. Kwa wa kumi ukanasa. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Na huu?" Mama Wangui akauliza.

"Ni wa kugawa nywele, Mama."

Mama Wangui akamsukumia kikata kucha na kichana chenye mkia. "Chagua. Ukate, ugawe kwa mkia wa kichana, au urudi kwenu."

Shantel akaniangalia. Nilikuwa na mzaha tayari, nikaumeza.

Tki. Ukucha ukaanguka. Akashika kichana, akavuta mstari kichwani mwa mteja. Ukaenda upande. Akaufuta, akaanza tena polepole. Safari hii ulifika kisogoni umenyooka kama reli.

Mama Wangui akamsogezea stuli. "Jumatatu uje na glavu. Hapa tunaosha vichwa vingi."