Mahali Ulipochumwa

Kosa la mtafiti lilikuwa kosa la mtu makini kupita kiasi: hakuacha nafasi tupu kwenye fomu. Huko kazini kwao, kila mmea uliokaushwa hubandikwa kwenye karatasi ngumu na kupewa lebo: jina, tarehe, aliyeuchuma, mahali. Kwa mmea mmoja adimu wa dawa, penye "mahali" aliandika mpaka mwamba wenyewe ulipoota, hatua kumi na mbili kutoka kijitoni. Ripoti yenye lebo hiyo ikawekwa mtandaoni, na walioisoma hawakuwa wasomi peke yao.

Mwamba ule alionyeshwa na mama yake, fundi cherehani mwenye kifua kibovu, aliyechemsha mzizi wa mmea ule miaka nenda miaka rudi ili apate kulala. Alimwonyesha kwa sharti moja.

"Usimwambie mtu, hata mumeo. Yule mdomo wake hauna breki."

Sasa pale mwambani palikuwa na mashimo kumi na tisa. Wachimbaji wa dawa za kuuza walikuwa wameng'oa kila shina, na hapakuwa na mahali pengine mmea huo ulipojulikana kuota. Mtafiti alihesabu, akahesabu tena, kisha akakaa chini akalia. Mumewe, maskini wa Mungu, hakuwa ametamka neno.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, viatu vimejaa matope, akasema yote kwa mkupuo mmoja bila kujitetea.

Mama akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Uliandika wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, mama."

"Na kuandika nilikufundisha mimi!"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Mtafiti alimshika mgongo, akausikia unavyotetemeka chini ya kiganja chake. Hapo ndipo majuto yalipomchoma hasa. Alikuwa amempokonya mama yake usingizi.

Mama alipopata pumzi, alitoka kwenda uani, akarudi na kopo la rangi lililotobolewa chini. Ndani mlikuwa na mche wa majani matatu.

"Niliupanda siku ileile niliyokuonyesha. Mtoto wangu namjua, hana siri. Hata ukiiba sukari, ulikuwa unakuja kuniambia kabla hujaimeza."

"Sasa kwa nini ulinionyesha?"

"Ningekufa nayo, ingekuwa siri au hasara?" Akamsukumia kopo. "Uchukue, mkauzalishe huko kazini kwenu."

"Na wewe utachemsha nini?"

"Nitakohoa," mama alisema, akirudi kwenye cherehani yake. "Kwa hiyo fanyeni haraka."

Asubuhi iliyofuata mtafiti aliliweka kopo dirishani kazini, penye mwanga, akachukua lebo mpya. Akaandika jina la mmea, na tarehe. Penye "aliyeuchuma" akaandika jina la mama yake, herufi moja moja, kama alivyofundishwa naye. Penye "mahali" hakuandika kitu.