Vitambaa Vilivyofichwa na Salamu

Mtandao wa kutafutia huwapa wenye tovuti chombo cha bure, na asubuhi ile kilinionyesha maneno ambayo watu waliandika kabla ya kufika kwenye tovuti ya Bude Sutarmi. Nilisoma, nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka. Maneno mazuri ya kuomba msamaha siku ya Idi. Salamu za Idi kwa mama mkwe. Msamaha wa Idi kwa bosi mkali. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kitambaa.

Bude ni dada mkubwa wa mama yangu. Hapa katika mji wetu wa Pedan anafuma lurik, kitambaa chetu cha pamba chenye mistari, kwa mitambo ya mbao aliyoachiwa na mama yake. Wateja walikuwa wamekwisha kabisa, na mumewe, Pakde Wiryono, alikuwa amekubali kuiuza mitambo kwa mwenye mgahawa wa kahawa kule Yogya, ambaye alitaka kuigeuza meza. Siku ya kuichukua ilikuwa Ijumaa Pahing, Pahing ikiwa moja ya siku tano za juma letu la kale. Pakde alikuwa ameipigia hesabu akaiona njema, na siku njema kwake haisogezwi.

Kosa nililiona mara moja. Tovuti ile Bude aliiandika mwenyewe, na kwa adabu aliyolelewa nayo, humwambii mtu habari za biashara kabla ya kumsalimu na kumwomba radhi. Basi kila ukurasa ulikuwa na kichwa kimoja, maneno tunayoombana nayo radhi siku ya Idi: "Assalamu alaikum, tusameheane ya nje na ya moyoni." Chini yake salamu ndefu, dua, kuulizana hali. Kitambaa kilikuja mwisho kabisa, kwa aibu, katika picha zilizobaki na majina ya tarakimu zilizopewa na simu. Mtandao ulizisoma kurasa zote ukadhani ni duka la msamaha.

Mimi, Wening, ni mtu wa kunong'ona. Shahada ya kompyuta ninayo, ila kumkosoa Bude kulinitoa jasho. Nilimsubiri amalize chai, nikamweleza taratibu, macho yangu kwenye mkeka.

"Kwa hiyo unataka niwe kama wauza vyungu wa sokoni," alisema, "wanaomshika mtu mkono hata hawajamsalimia?"

"Hapana, Bude."

"Hayo umefundishwa chuoni, Nduk, mwanangu, au na mama yako? Maana mama yako naye alikuwa hivyo hivyo."

Nilitamani mkeka unifunike. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na nyuma yangu nilisikia mtambo mmoja tu ukigonga, mingine kimya.

"Bude, mgeni hasalimiwi akiwa bado barabarani," nilisema. "Hajui hata kama humu ndani mna vitambaa. Kichwa cha ukurasa ni kibao cha pale njiani. Akishaingia, msalimie mpaka achoke."

Alinitazama, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mpaka achoke, eti. Haya, andika."

Tukaandika. Kila kitambaa kikapata ukurasa wake, jina lake kwenye kichwa, na maelezo ya picha yaliyosema kinachoonekana. Nilimuuliza kila kimoja huvaliwa lini, naye akazungumza huku akikunja nyuzi. Kile kiitwacho tumbar pecah, yaani giligilani iliyopasuka, huvishwa mama mjamzito katika sherehe ya mwezi wa saba, ili uchungu uwe mwepesi na mtoto awe na sifa yenye harufu nzuri. Niliandika kama alivyosema, bila kupamba. Salamu nikaziweka chini, zote, hata dua. Kisha kwa chombo kile kile nikauomba mtandao uje kuzisoma kurasa upya.

Tangu siku hiyo nilikuwa naamka na kufungua kompyuta kabla ya kupiga mswaki. Mstari wa buluu, unaoonyesha ni mara ngapi kurasa zimetokea mbele ya watu, ulilala chini kama mjusi aliyekufa. Nikaanza kumkwepa Bude mezani. Halafu asubuhi moja mstari ukainua kichwa, na chini yake kulikuwa na maneno mapya: lurik ya sherehe ya miezi saba.

Nilikimbia pekupeku hadi karakana nikiyasoma kwa sauti. Wafumaji wachache wa Bude waliobaki waliacha kazi wakanikodolea macho. Nadhani walikuwa hawajawahi kunisikia nikipaza sauti.

"Mstari hauvai nguo," alisema Pakde, akaendelea kuandaa kamba za kupakilia mitambo.

Alisema kweli. Lakini Jumatatu, siku nne kabla ya Ijumaa Pahing, simu ya Bude ililia. Mwanamke wa Semarang alisema mkwewe ameingia mwezi wa saba wa mimba, na nyanya mmoja wa ukoo amekataa katakata kitambaa cha dukani; ametafuta mtandaoni, ameona picha ya tumbar pecah, je, ndicho kitambaa chenyewe? Bude alimsalimu kwa muda mrefu, akamuuliza habari za mkwe na za mvua, ndipo akasema ndiyo. Kabla ya adhuhuri yakaja maulizo mengine, kisha mwenye kukodisha mavazi ya sherehe huko Solo akataka vitambaa vingi. Bude hakumwambia Pakde neno. Aliwaita wafumaji wote, hata waliokwisha kwenda zao, wakatandika nyuzi za tumbar pecah kwenye kila mtambo.

Ijumaa Pahing lori lilisimama mlangoni. Karakana nzima ilikuwa inagonga, hata sakafu niliisikia nyayoni. Pakde aliingia na kamba zake, akasimama. Kwetu ni mwiko kuung'oa mtambo wenye kitambaa ambacho hakijakwisha, na yeye ndiye mshika miiko kuliko sote.

"Umefanya makusudi, mama," alimwambia mkewe.

"Ngoja nimalize hiki," alijibu Bude bila kuinua uso.

"Na hiki kitaisha lini?"

"Muulize Wening. Yeye ndiye anayejua wangapi wanatafuta."

Pakde akanigeukia. Nilifungua kompyuta, nikamwonyesha mstari. Aliufuata kwa kidole mpaka ukingo wa kioo. Kisha akatoka nje, nikamsikia akimwomba radhi dereva kwa maneno mengi, na kumtuma amshauri mwenye mgahawa anunue meza.